Gramu 300 za nanasi ni vikombe vingapi?

Mapishi mengi yanayofika kwenye simu zetu hapa Bukavu yameandikwa kwa mikono miwili. Ya Wafaransa na Wabelgiji yanataka gramu, ya Wamarekani yanataka kikombe. Na majumbani mwetu wengi hatuna mizani; tuna kopo, kijiko na biberoni ya mtoto, ile chupa ya maziwa yenye alama za mililita. Wadogo zangu wakiniuliza gramu 300 za nanasi ni vikombe vingapi, nami huwauliza: umelikata vipi?

Maana jibu liko kwenye kisu. Sehemu kubwa ya tunda ni maji, basi likipondwa mpaka likawa rojo, mililita moja yake ina uzito wa karibu gramu moja. Kikombe cha Kimarekani ni mililita 237 hivi. Ukikijaza kamaramasenge (ndizi ndogo tamu) zilizopondwa, avoka (parachichi) iliyosagwa au frezi (stroberi) iliyosagwa, unapata karibu gramu 230. Ukikijaza vipande vya nanasi au vya embe, hewa inakaa kati ya vipande, na uzito unashuka hadi gramu 165 hivi. Frezi nzima nzima zinashuka zaidi, kama 145.

Kwa hiyo sioni haja ya kukariri orodha ndefu ya matunda. Rojo: gramu na mililita ni kitu kimoja. Vipande: uzito ni kama sehemu 7 kati ya 10 za mililita. Zile gramu 300 za nanasi, basi, ni vikombe viwili visivyojaa.

Lakini kikombe kipi? Vikombe vyetu vya chai havilingani. Pima maji mililita 240 kwa biberoni, yamimine kwenye kopo, piga alama kwa msumari pale yalipofika. Hicho ndicho kikombe chako.

Njia ninayoipenda kuliko zote haihitaji hata hesabu hiyo. Chukua chupa kubwa ya plastiki inayoonyesha ndani, ikate shingo, uitie alama za mililita kwa biberoni ileile. Weka maji mililita 500, kisha tumbukiza vipande vya embe mpaka maji yapande hadi 800. Umepata karibu gramu 300 za embe, kwa sababu maji yamejaza nafasi zote ambazo hewa ingekaa. Kipande kinachoelea kizamishe taratibu kwa ncha ya kijiko. Ila pome (tofaa) usiipime hivyo: nyama yake ina hewa nyingi ndani, itakudanganya. Maji yaliyobaki yana utamu wa embe, yatie kwenye juisi.

Sokoni Kadutu mama anakuuzia nanasi zima la kisiwa cha Idjwi, na maganda yake, na mapishi yanahesabu kilichomenywa. Nanasi linapoteza karibu nusu, ndizi karibu theluthi, marakuja (pasheni) nusu au zaidi. Ukitaka gramu 300 za nyama ya nanasi, chagua tunda la gramu 600 hivi.

Mahali pa kuwa makini kweli ni konfitiri (jamu). Mapishi yakisema tunda na sukari uzito sawa, usichukue kikombe kwa kikombe. Kikombe cha sukari kina gramu 200 hivi. Kwa kikombe cha vipande, sukari inazidi na ladha ya tunda inapotea. Kwa kikombe cha rojo, sukari inapungua, na ndiyo inayoilinda konfitiri isiharibike mapema. Mimi husaga tunda kwanza, halafu kwa kila kikombe cha rojo natia kikombe cha sukari na vijiko viwili na nusu vya mezani.

Keki ya ndizi nayo ipimiwe rojo, si vipande, ili kipimo kisiwe cha kubahatisha: ndizi ikizidi, katikati inabaki mbichi na nzito hata kama juu pameiva vizuri. Saladi ya matunda usiipime kabisa, kata tu kadiri ya watu waliopo mezani.