Kabla Kamati Haijavunjwa, Picha Ziwe Zimefika

Msomaji wa Moshi, mpigapicha, ameuliza kwa uchungu: kazi zake zinasifiwa, lakini familia aliyoipigia picha za sendofu ya binti mkubwa imemwita mwingine kwa binti mdogo. Wapigapicha wengi wa Moshi na Arusha wana kilio hichohicho, na karibu wote hutafuta dawa kwenye kamera na lenzi. Dawa iko kwenye wiki mbili za kwanza baada ya sherehe.

Familia moja huku ina kazi za miaka mingi: sendofu, harusi, ubatizo, komunio, kipaimara, jubilei ya wazazi. Nyingi huangukia Desemba, ndugu wanapopanda kutoka Dar na kwingineko. Bibi harusi ndiye anayechagua mpigapicha, lakini kamati ya sherehe, inayokusanya michango, ndiyo inayolipa, na wajumbe wake kesho wanakaa kwenye kamati nyingine. Chukua namba tatu mapema: ya bibi harusi, ya mhazini, na ya dada au shangazi anayeshika mambo ya familia.

Malipo yaelewane na maisha ya kamati. Nusu wakati wa kusaini, iliyobaki kabla ya siku ya sherehe. Michango ikikoma, mhazini hana kitu mkononi, na deni linawaangukia maharusi ambao hawakulipangia. Hapo picha zinalala kwenye diski miezi, kila upande umenuna, na mteja amekwenda bila hata kugombana. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha: saa ya kuanza na kumaliza, maeneo (saluni, kanisani, bustanini, ukumbini), idadi ya picha zilizohaririwa, ukubwa wa albamu, tarehe ya kukabidhi. Tarehe hiyo iweke ile unayoiweza wakati umeme umekatika siku mbili, si ile inayomfurahisha mteja.

Sasa, kuvunja kamati, yaani kikao cha mwisho cha kamati baada ya sherehe. Ndiyo siku muhimu kuliko zote na wapigapicha wanaipuuza! Wajumbe wote wamekaa, wamepumzika, wanasimuliana yaliyotokea. Ulizia tarehe yake kwa mhazini. Ndani ya saa 48 baada ya harusi tuma picha 15 hadi 20 zilizokamilika, na siku ya kuvunja kamati fika na picha zilizochapwa za sentimita 10 kwa 15, moja kwa kila mjumbe, yeye mwenyewe akiwemo. Mjumbe aliyekesha akihangaikia michango hupigwa picha mara chache mno. Mtafute ukumbini kwa makusudi. Nyuma ya picha andika jina lako na namba. Gharama yake iingize kwenye bei tangu mwanzo.

Kwenye WhatsApp tuma picha kama faili. Ukizituma kwa njia ya kawaida, programu inazibana: kwenye simu zinapendeza, kwenye fremu zinatoka na ukungu. Picha ya sentimita 30 kwa 45 inahitaji takriban pikseli 3,500 kwa 5,300 ili itoke safi, na mama wa bibi harusi akichapisha ile iliyobanwa, lawama ni yako.

Mtandao wa kikazi unajengwa vivyo hivyo, kwa kumpa mwenzako picha anayoihitaji. Mpambaji anataka ukumbi mtupu, taa zimewashwa, kabla kiti hakijasogezwa. Fika dakika 40 kabla ya wageni. Mpishi anataka ndafu, mbuzi wa kuchoma, ikiwa nzima, mwoka keki vilevile. Watumie kesho yake, bila jina lako kubwa katikati ya picha. Wakiulizwa na mteja wao, wewe ndiye watakayemtaja. Zenye sura za watu omba ruhusa kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na hata isingekuwepo, heshima inatosha.

Tunza nakala tatu, moja ikae nje ya nyumba yako, na kila folda ianze na mwaka, mwezi, siku, kisha jina la familia. Ipo siku familia hiyo itakuwa na msiba, nayo itahitaji picha ya marehemu kwa ajili ya ratiba ya ibada. Itafute saa hiyohiyo, na usidai hata shilingi.

Kwa hoteli na kampuni za utalii za Arusha, mambo ni ya karatasi zaidi: TIN, ankara, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) kama unastahili kutoa, na maandishi yanayosema picha zitatumika wapi na kwa muda gani. Wafuate masika, Aprili na Mei, vyumba vikiwa vitupu na meneja ana nafasi ya kukusikiliza. Ukitaka mlima nyuma ya bwawa, panga alfajiri, maana mchana wingu hufunika. Mwaka unaofuata uliza wamejenga nini kipya, upange siku ya kukipiga, bei ikiwa ileile.