Valvu za mzee, rambirambi ya dada wa usafi na ukurasa wa habari za idara

Mwezi huu nimepokea barua nyingi ila tatu nimeziweka pamoja, mana zote zimetoka kwa watu wa matengenezo na usafi wa vyuo hapa kwetu Tanga, na mi mwenyewe nimekula chumvi kwenye kazi hizo. Zingine nitazijibu mwezi ujao inshallah.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi ni karani idara ya miliki kwenye chuo kimoja hapa mjini. Tuna mafundi umeme, mafundi bomba, maseremala, watu wa bustani, madereva na stoo, alafu wapo wa usafi na walinzi ambao ni wa kampuni. Bosi kaniambia kila mwezi niandike ukurasa mmoja wa habari za wafanyakazi, tunabandika ubaoni na kutuma kwenye grupu la WhatsApp. Nimeandika mara tatu na hamna anayesoma, wanapita tu. Juzi fundi mmoja akaniambia "dada hizo ni habari zenu za ofisini". Imeniuma kwa kweli, mana naiandika nyumbani usiku watoto wakishalala. Nakosea wapi? Kurasa zenyewe nimekuambatanishia. (Karani, Chumbageni)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuumia. Kurasa zako nimezisoma zote, Kiswahili chako kizuri na makosa ya herufi hamna kabisa, ila fundi wako kasema kweli. Ukurasa wa kwanza unaanza na mkuu wa idara kasafiri Dodoma, wa pili unaanza na mkuu wa idara karudi, wa tatu una sentensi hii: "Idara inawapongeza watumishi wote kwa kujituma katika kipindi cha robo mwaka." Sasa mwanangu, watumishi wote ndo nani? Yule aliyeingia kwenye chemba ya bweni akazibua kwa mikono yake akisoma hapo hajioni, na yule aliyeshinda anasinzia stoo naye kapongezwa.

Mi nlikaa masjala kwenye idara kama yenu miaka 22, na kitu nlichokiona ni kwamba kazi ya matengenezo inaonekana ikiharibika tu. Maji yakitoka hamna mtu anayesema jamani leo maji yametoka, taa ikiwaka hamna anayeuliza nani kaiwasha, ila zikatike nusu saa tu simu zinapigwa mpaka kwa mkuu wa chuo. Hapa Tanga ndo zaidi, chumvi ya bahari inakula chuma mchana na usiku, koki unayoifunga leo mwakani inang'ang'ania haifunguki, feni inaota kutu, bawaba za madirisha zinakatika, na maji yenyewe mpaka yafike kutoka kule bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi yapande kwenye tangi lenu la ghorofa ya nne kuna mtu wenu anayeamka alfajiri kuwasha pampu. Huyo mtu ndo habari yako.

Ngoja nikuonyeshe. Kwenye ukurasa wako wa pili kuna mstari mmoja chini kabisa unasema "pampu ya bweni la wasichana ilifanyiwa matengenezo". Nlivyosoma nikajua hapo kuna jambo, nikakupigia simu ukanielezea, na ulivyonielezea kwenye simu ndo ulitakiwa uandike hivyo hivyo! Kwamba ilikuwa Jumanne, pampu imeunguza waya saa 3 usiku, fundi wa zamu kapigiwa akaja na baiskeli toka Makorora na mvua inanyesha, mlinzi wa kampuni ndo aliyemshikia tochi na mwavuli mpaka saa 8 usiku maji yakaanza kupanda, na wasichana wawili wakawaletea chai ya rangi kwenye chupa. Weka jina la fundi, weka jina la mlinzi, basi. Mistari mitano tu hiyo na nakuhakikishia watu watasimama pale ubaoni, na yule fundi ataipiga picha ampelekee mkewe.

Sasa habari utazipata wapi. Usikae ofisini ukasubiri waje wakuletee, hawatakuja, mtu wa kazi za mikono anaona aibu kujisemea. Amka nao. Asubuhi kabla hawajagawiwa jobu kadi wanakuwa pale nje ya stoo wanakunywa chai na vitumbua, kaa nao robo saa uliza tu, jana mlikuwa wapi, nani kapata mtoto, nani mgonjwa, nani kahamia kwake. Na ukiandika muulize kila mtu anataka aitwe nani, mana kuna mtu kwenye faili ana majina matatu lakini kazini miaka yote anaitwa Baba Fulani na hilo la faili hamna anayelijua, ukiandika la faili umeandika habari za mgeni.

Na wasomee. Hili nalisema kwa mkazo kidogo mana nyie wa ofisini mnalisahau, si kila mtu pale anasoma kwa raha, wapo watu wazima macho yameshachoka na miwani hawana, na wapo ambao shule waliishia njiani na hawatakuambia. Siku ya kubandika mwombe msimamizi dakika 10 kabla ya kazi, usome kwa sauti, alafu ndo ubandike. Mi nlianza hivyo mwaka wangu wa tatu, na kuna mama wa bustani alikuwa anarudia kwa wenzie neno kwa neno mpaka jioni.

Mambo mawili ya kuangalia. Mgonjwa usimtaje anaumwa nini, andika anaumwa, yuko nyumbani au hospitali ya Bombo, na kama yuko tayari kutembelewa, na hiyo nayo umuulize kwanza yeye au watu wake. Na michango andika hesabu yote wazi wazi, kimechangwa kiasi gani, kimetumika wapi, kimebaki kiasi gani kwa nani, mana hakuna kitu kinachovunja idara haraka kama mchango ambao mwisho wake haujulikani, nimeona watu waliokula sahani moja miaka kumi wanaacha kusalimiana kwa sababu ya elfu 40.

Na wa usafi na walinzi waingize humo humo, usiwatengenezee kona yao huko chini. Najua utaambiwa si watumishi wetu hao ni wa kampuni. Mshahara ndo wa kampuni, lakini vyoo wanavyosugua ni vyenu. Bosi akikataa muonyeshe barua inayofuata hapa chini.

SWALI: Shangazi shikamoo. Nafanya usafi kwenye chuo, nimeajiriwa na kampuni yenye tenda, nina mwaka na miezi minne. Mwezi uliopita mama yangu alifariki Muheza, nikaaga kwa simu kwa supavaiza nikaenda kuzika, nikakaa siku 3. Mshahara ulivyotoka nimekatwa siku zote 3. Kingine kinachoniuma, watu wa idara ya chuo wana mfuko wao wa misiba, mi mwaka jana walipita na daftari nikachangia misiba miwili elfu mbili mbili, ila wa kwangu hamna aliyepita na daftari wala aliyesema pole. Au ndo hatuhesabiki? (Dada wa usafi, Mabawa)

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole sana, Mwenyezi Mungu amrehemu mama na akupe wewe subira. Barua yako nimeisoma nikaiweka chini kwanza.

Tuanze na pesa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo kwa mambo kama haya, yani kuuguliwa au kufiwa na mtoto, au kufiwa na mume au mke, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada. Mama ni mzazi, umo kabisa. Sharti uwe umepita miezi 6 kazini, na wewe una mwaka na zaidi. Haijalishi umeajiriwa na chuo au na kampuni, mwajiri ni mwajiri. Ila mwajiri ana haki ya kutaka uthibitisho, kwa hiyo fuatilia kibali cha mazishi au barua ya mtendaji wa kule alikozikwa mama, toa kopi, alafu andika barua fupi kwa kampuni, siku ulizoenda, nani kafariki, kwamba uliaga kwa simu kwa supavaiza tarehe fulani, na unaomba urudishiwe siku 3 ulizokatwa. Andika nakala mbili, moja wakugongee muhuri au wasaini kwamba wameipokea, hiyo ubaki nayo. Usiende kugombana na supavaiza mlangoni, karatasi inatosha.

Wasipojibu, au wakikujibu vibaya, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wanaiita CMA, au anza na afisa kazi wa mkoa akuelekeze. Cha muhimu usikae sana, mgogoro kama huu unatakiwa ufikishwe ndani ya siku 60, na siku zinahesabiwa, ukisema ngoja mwezi wa pili ngoja wa tatu utakuta mlango umefungwa. Kama kuna wenzio nao wamekatwa kwa misiba nendeni pamoja.

Hilo la daftari. Mwanangu unahesabika, na waliofanya hivyo wamekosea, nasema bila kuzunguka. Kwetu huku mtu akifiwa hata jirani mliyenuniana unaenda unakaa jamvini, unabeba maji, ukikosa cha kutoa unatoa mguu wako. Sasa mtu uliyechukua elfu mbili yake mara mbili ukajua jina lake kwenye kuchangia, kwenye kuchangiwa limekupoteaje? Nyie mnaoshika hayo madaftari mnaonisoma, pigeni moyo konde mrudi kwa huyu dada, hata kama mwezi umepita, pole haiozi. Na kuanzia hapo kaeni kikao kimoja muamue waziwazi, wa kampuni wamo au hawamo. Wakiwamo wachangie na wachangiwe sawa na wengine. Mkiamua hawamo basi msipite kwao na daftari tena hata siku moja, ila mi ningewaingiza, mana siku bomba linapasuka ghorofani wa kwanza kufika na ndoo na skwiza ni hao hao.

Wewe dada mtafute mshika daftari umwambie kwa upole kama ulivyoniandikia mimi, inawezekana kabisa hakupata habari.

SWALI: Shikamoo Shangazi, fundi bomba wetu mkuu anastaafu mwisho wa mwaka, anatimiza 60. Tumechanga imefika laki 6, wengine wanataka saa ya ukutani na cheti chenye fremu, wengine mbuzi na pilau tule wote, wengine apewe taslimu. Tushike lipi? Na kuna jambo linanitisha, mabomba yote ya chuo yalikopita anajua yeye tu, ramani hamna, na mi ndo naachiwa. Cheti chenyewe sina, kazi nimefundishwa na yeye. (Msaidizi wake, Mikanjuni)

JIBU: Marahaba baba. Saa ya ukutani hapana. Mtu kaamshwa na simu za pampu miaka yote, saa ya nini. Muulizeni mama wa nyumbani kwake kimya kimya wana upungufu gani, ukikuta ana banda halijaezekwa mpeni mabati, laki moja mtoe ya pilau mle wote pamoja na wa usafi. Na mmoja wenu anayejua ofisi amsindikize sa hivi akahakiki michango yake ya mfuko wa pensheni, kama ni mtumishi wa umma ni PSSSF, aangalie jina la kwenye barua ya ajira na la kwenye kitambulisho cha NIDA kama yanafanana herufi kwa herufi, mana wazee wengi wanakwama hapo na kurekebisha kunachukua muda.

Cheti chako kipo njiani kama utakifuata. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mafundi waliojifunzia kazini, unapimwa unachokijua kwa vitendo, nenda chuo chao hapa Tanga uulize lini wanapokea, na nenda kabla mzee hajaondoka ili akuandikie barua.

Sasa mabomba. Mwombeni bosi awape wewe na mzee siku tatu, muda wa kazi si jioni akiwa kachoka, mzunguke chuo kizima na daftari gumu la kurasa nyingi. Kila valvu asimame juu yake akwambie inafunga nini, inafungwa kwa mizunguko mingapi, ipi imekufa, ipi inafunga kinyume, ipi ukiifunga unawakatia maji na zahanati. Mzee wetu wa enzi zile alikuwa anapiga kisigino chini anasema hapa, tunafukua, ipo hapo hapo, na tulimwacha akaondoka hivyo hivyo na kisigino chake, mwaka uliofuata tulichimba mashimo manne kutafuta valvu moja huku madarasa hayana maji. Pima kwa hatua toka kona ya jengo, usipime toka mwembe, mwembe unakatwa. Daftari likijaa muandike jina lake kwenye jalada, karani wa Chumbageni hapo juu naye aje siku moja atembee nao, ukurasa wake wa mwezi huo umeshapatikana.

Vifuniko vya chemba mvipake namba zile zile za kwenye daftari, na rangi nunueni ya mafuta, ya maji masika moja tu imeshafutika.