Barua kwa mwanangu: uliyemfokea dirishani

Mwanangu Salim,

Sauti uliyonitumia jana usiku nimeisikiliza mara mbili. Umesema ulikwenda mara ya tatu kufuata cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ukaambiwa sistimu imelala, rudi kesho. Ukamfokea yule binti wa dirishani mpaka akalia. Kisha ukaniuliza: "Mama, mimi nalipa kodi. Nimekosa nini?"

Kukasirika hukukosa. Siku tatu za kuomba ruhusa kazini, nauli ya matatu kwenda na kurudi, na shule inadai cheti: nani asingechemka? Umemkosea yule uliyemfokea.

Wajua nilikaa dirishani miaka 22. Hilo "rudi kesho" nimelisema mpaka likanikaa ulimini. Mara nyingi faili lilikuwa kabatini, na ufunguo anao mkubwa aliyekwenda semina. Siku nyingine fomu zilikuwa zimekwisha, nasi tumekatazwa kusema zimekwisha. Mimi nilikuwa na kalamu na muhuri wa tarehe, basi. Wa kuamua alikuwa chumba cha nyuma, na huko mwananchi hafiki.

Mwezi mmoja wa kaskazi, joto la kukausha mate, mzee mmoja alinirushia faili usoni. Alikuwa amefiwa na mkewe, anafuata cheti cha kifo kwa wiki ya pili. Nikaziokota karatasi, nikazipanga, nikamwambia arudi Alhamisi. Jioni nikafika nyumbani, wewe ukamwaga maji ya kunywa, nikakuzaba kofi. Ulikuwa na miaka saba. Sijui kama wakumbuka. Mimi nakumbuka, na leo ndiyo mara ya kwanza nakuomba radhi.

Siku hizi husema mteja ni mfalme. Hilo ni neno la dukani. Duka moja la Mwembe Tayari likikuudhi, wavuka barabara waingia la pili. Cheti cha kuzaliwa hakina duka la pili, ndiyo maana hasira ya ofisi ya serikali huwaka kuliko ya dukani. Na yule binti pia hana pa kukimbilia. Akikujibu ataandikiwa barua ya onyo. Akinyamaza utasema ana dharau.

Hata hivyo sikwambii unyamaze. Huo unyamavu wa "ndivyo serikali ilivyo" ndio uliotufikisha hapa. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakupa haki ya kuhudumiwa na ofisi za umma kwa haraka na kwa haki, na ukiumizwa na uamuzi wao, haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi, Salim. Sikuwahi kuona kitu kinachowatoa wakubwa chumba cha nyuma kama karatasi yenye tarehe inayosubiri jibu. Kelele zako zilikwisha ulipotoka mlangoni.

Basi andika. Taja siku zote tatu na ulichoambiwa kila siku, umpelekee msimamizi wa ofisi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakikupuuza, iko Tume ya Haki ya Utawala, iliyoundwa mwaka wa 2011 kwa malalamiko ya namna hii, na kulalamika huko hulipi kitu. Wito wao ni "Hata mnyonge ana haki". Kila nikiusoma nawafikiria wanyonge wa pande zote mbili za dirisha.

Tena mambo hubadilika wakubwa wakitaka. Vituo vya Huduma, vya kupata huduma nyingi za serikali mahali pamoja, vilipoanza mwaka wa 2013, watu walipewa namba na viti vya kungojea. Ugomvi wa "huyu ameniruka" ukapungua sana, kwa kuwa kila mtu aona zamu yake. Makarani hawakuzaliwa upya. Ni foleni iliyopangwa.

Jumatatu ukirudi, anza kwa salamu. Barua yako iwe mkononi, na uiandike kwa ajili yake pia: sema karani aachwa peke yake mbele ya watu bila sistimu na bila jibu la kuwapa. Halafu umwombe radhi kwa sauti ile ile, foleni nzima isikie, maana ulipomfokea foleni nzima ilisikia.

Mjukuu wangu mwambie nitampigia simu Ijumaa baada ya sala.

Mamako