Saa ya Lubumbashi, saa ya Kinshasa

Wiki hii mmeuliza: kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, mpaka N'djili, ule wa Kinshasa, ni kilomita ngapi, na ndege inachukua muda gani? Kilomita ni 1,500 na ushei, muda ni saa mbili na dakika zake. Lakini swali lenyewe limenichoma, kwa sababu mtu wa Lubumbashi haulizi hivyo. Anauliza: nikitoka mtaani kwetu Katuba asubuhi, kwenye kilio Kinshasa nitafika lini?

Mama mdogo aliyenilea alifia kule. Kaka akanipigia usiku: "Mwili tunautoa 14:00, fanya uje." Ndege ilipangwa kuondoka 8:00, na mimi 5:30 nilishafika Luano. Ikapita 8:00, ikapita 10:00, hakuna aliyetuambia neno. Tuliruka 12:10. Nikahesabu kwa vidole: tutatua 14:30. Basi, nimemkosa. Nililia Kasai nzima ikipita chini yetu.

Mama mmoja aliyekaa kando yangu akanishika mkono. "Mwanangu, hiyo saa yako ni ya kwetu. Kinshasa wako saa moja nyuma. Tutatua 13:30."

Jambo hilo kila mtoto wa shule hapa analijua, ila uchungu ulikuwa umelifuta kichwani mwangu. Nikanyamaza. Nikaanza hata kupanga maneno ya kumuaga mama mdogo.

Tulitua kama alivyosema. Nikapata teksi haraka, nikashukuru Mungu. Halafu bulvadi Lumumba, barabara ya kuingia mjini. Masina tulisimama, tukasogea, tukasimama tena. Kufika Limete dereva akazima gari kabisa, akashuka kwenda kutazama mbele. Simu ya kaka haikupokelewa. Kutoka uwanjani mpaka mjini hazifiki kilomita 30, nazo zilikula muda uleule uliotuvusha nusu ya nchi. Nyumbani nilikuta watu wamesharudi kutoka makaburini, wananawa mikono.

Nilianza kuandika nikitaka kuwaambia kwamba hesabu ya ndege haina maana. Sasa nasita. Babu yangu, mtu wa reli, alikuwa akitueleza njia ya zamani: treni mpaka Ilebo, kisha boti kushuka mto Kasai, halafu mto Kongo, hadi Kinshasa. Aliyekwenda msibani kwa njia ile hakuwahi hata arobaini. Siku ile, ikishapaa, ndege ilifanya kazi yake sawasawa. Iliyonichelewesha ni ardhi, huku Luano na kule Limete.

Kwa hiyo andikeni: saa mbili na nusu, ndiyo, ni jibu la kweli. Ila, tafadhali, kila mnapoandika muda wa kufika, tajeni ni saa ya mji upi. Na kama safari ni ya msiba, msimshauri mtu asafiri siku ileile ya mazishi, labda akiwa hana namna nyingine. Mimi sikuwa nayo.

Mdogo wangu anaoa Kinshasa mwezi wa nane. Tiketi nimekata ya siku mbili kabla.