Usifungue poti 8022 kwenye ruta, hiyo seva yako bado inapokea nywila

Mkuu, ruta iache kwanza. Umesema umeweka OpenSSH (seva ya SSH, ya kuingilia kifaa toka mbali) ndani ya Termux (programu ya Android ya kuandikia amri za Linux), ukaweka nywila kwa passwd, ukaongeza ule mstari wa kuzima nywila, laptopu ikaingia bila kuulizwa kitu, na jioni hii unafungua poti 8022, mlango wa seva hiyo, ili uifikie simu ukiwa kazini. Ukauliza pia kama 8022 ibadilishwe iwe 22, na namna ya kuifanya seva ijiwashe yenyewe simu ikizimwa na kuwashwa. La poti tutalifikia, la kujiwasha lisubiri. Kilichonifanya niache chai ni hapo kwenye "imeingia bila kuulizwa kitu", maana ndipo watu wanapoliwa, na mimi nimo kwenye hesabu.

Mstari wenyewe uliuongeza hivi, sivyo?

echo "PasswordAuthentication no" >> $PREFIX/etc/ssh/sshd_config

Nimeijua amri hiyo hata kabla hujaiandika. Ni ya yule bwana wa video: muziki juu, skrini nyeusi, hasemi neno, anabandika amri moja baada ya nyingine, mwisho anaweka alama ya vema ya kijani na kuomba watu wabonyeze kengele. Aje basi abonyeze kengele yeye siku simu inapochemka mfukoni kama pasi ya mkaa.

Tatizo ni hizo alama mbili >>. Zinapachika maneno mwishoni mwa faili, hapa sshd_config, lenye masharti ya seva. Sasa lifungue faili lenyewe kwa nano (programu ya kuhariri maandishi) uangalie huko juu: utakuta PasswordAuthentication yes, imekuja na Termux. Ukizoea .bashrc (faili la amri zinazoendeshwa kila ukifungua Termux) utadhani kinachoandikwa mwisho ndicho kinachofuatwa. Kwenye sshd_config ni kinyume: kila kigezo kinachukua thamani ya kwanza kukutana nayo, zinazofuata zinapuuzwa. Hakuna onyo. Ukiendesha sshd -t (sshd ndiyo programu ya seva) ikague faili inanyamaza tu, kwa kuwa mstari umeandikwa sawasawa, ila umechelewa kufika.

"Mbona basi laptopu haikuniuliza nywila?" Kwa sababu laptopu hujaribu ufunguo wa SSH kwanza (wa siri uko kwenye laptopu, mwenzake wa umma uko kwenye simu), na ufunguo ukikubaliwa mazungumzo yanaishia hapo. Nywila haikuguswa kabisa. Kuingia kwako kumethibitisha kwamba ufunguo unafanya kazi, basi. Asiye na ufunguo akija, seva itamwambia karibu, taja nywila. Mlango wa mbele una kufuli jipya, wa uani umeegeshwa tu, na fundi kakupigia picha ya mlango wa mbele.

Kwenye simu jambo hili ni baya kuliko kwenye seva ya kawaida. Termux ni ya mtumiaji mmoja: jina lolote utakaloandika kabla ya alama ya @ linakufikisha kwa mtu yule yule, kwa hiyo mvamizi hana haja ya kubahatisha jina, abahatishe nywila peke yake. Na hakuna wa kumfungia moja kwa moja akikosea: OpenSSH toka toleo la 9.8 huikatalia kwa muda mfupi anwani inayokosea, basi. Kigezo cha MaxAuthTries, ambacho kwa kawaida ni 6, kinahesabu makosa ndani ya muunganisho mmoja. Anakata, anasubiri au anakuja na anwani nyingine, anaunganisha upya, anaanza moja. Roboti za mtandaoni hazichoki wala hazilali. Nywila yangu ilikuwa jina la simu na tarakimu tatu, na msinicheke, nilidhani tarakimu ndizo zinazoifanya ngumu.

Akiingia anapata nini? Kama simu haijarutiwa (haijafunguliwa mamlaka ya juu kabisa, root), anabaki ndani ya chumba cha Termux. Ila chumba hicho wewe mwenyewe ndiye unayekitoboa. Ukishaendesha termux-setup-storage, amri ya kuiruhusu Termux kufikia hifadhi ya simu, na kukubali ruhusa, anaziona picha za kamera, folda ya Download, na picha na sauti za WhatsApp zilizohifadhiwa kwenye simu. Ukiwa umeweka Termux:API (nyongeza inayoiwezesha Termux kutumia vitu vya simu) na kuipa ruhusa ya meseji, amri moja tu, termux-sms-list, inamsomea meseji zako, pamoja na za M-Pesa na zile tarakimu za uthibitisho zinazotumwa ukitaka kubadili nywila za akaunti nyingine. Yaani hiyo simu ya zamani unayoiita "ya majaribio", kama bado ina laini, hakuna cha majaribio hapo. Asipotaka hayo yote, atakuwekea programu ya kuchimba sarafu za kidijitali: bando linayeyuka, betri inavimba.

Marekebisho yanachukua dakika tano. Yafanye kwenye kioo cha simu yenyewe, usiyafanye kupitia SSH, kwa sababu pkill sshd inaua na kipindi ulichomo. Fungua faili:

nano $PREFIX/etc/ssh/sshd_config

Nenda mstari wa kwanza kabisa, juu ya kila kitu, uandike hii miwili:

PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication no

Ile yes ya chini ifute, na ule mkia wa video ufute pia, faili lisomeke kwa mtu mwingine. Huo mstari wa pili nao usiuruke: unafunga njia nyingine ya seva kumuuliza mtu nywila kwa kibodi. Hifadhi, kisha:

sshd -T | grep -i passwordauth

Herufi T kubwa, angalia. Inakuonyesha thamani seva itakayoifuata kwa faili lilivyo sasa, na inatakiwa iseme passwordauthentication no. Lakini hiyo ni habari ya faili. Seva iliyokwisha kuwaka inaendelea na masharti ya zamani mpaka uizime na kuiwasha:

pkill sshd
sshd

Kisha ifute na nywila yenyewe, maana ukishatumia ufunguo haina kazi tena. Termux inaiweka kwenye faili lililofichwa nyumbani:

rm ~/.termux_authinfo

Sasa ndiyo kanuni yangu moja, na hii ndiyo niliyoilipia: poti haifunguliwi mpaka seva ikukatalie kwa macho yako. Siyo mpaka uingie. Mpaka ukataliwe. Toka kwenye laptopu, zima ufunguo kwa makusudi, bisha hodi kama mgeni, ukiweka anwani ya simu yako mahali pa hii ya mfano:

ssh -o PubkeyAuthentication=no -p 8022 192.168.1.20

Jibu linalotakiwa ni Permission denied (publickey), papo hapo, bila swali lolote. Ukiona neno password na nukta mbili linakusubiri uandike, umeshindwa, hata kama hiyo nywila unaijua wewe tu. Kwenye mabano likibaki neno lolote zaidi ya publickey, bado kuna njia nyingine iliyo wazi, rudi kwenye faili. Jaribu tena kila ukigusa sshd_config, na kila OpenSSH ikisasishwa kwa pkg upgrade, hasa ukiulizwa kama faili la zamani libaki au liwekwe jipya na ukabonyeza tu ili yaishe.

Kabla ya kuzima nywila hakikisha ufunguo wako upo kweli kwenye ~/.ssh/authorized_keys, mstari mmoja usiokatika. Watu hujitumia ufunguo wa umma kwa WhatsApp, wakiubandika kwenye simu unavunjika vipande viwili, halafu wanailaumu seva. Folda ya .ssh iwe 700, faili liwe 600. Na ule ufunguo wa siri usiupitishe kwenye Download ya simu hata kwa dakika moja. Programu zenye ruhusa ya kusoma mafaili zinauona, na chmod kwenye hifadhi ya pamoja haisaidii kitu.

Poti 22 haiwezekani bila kuruti. Android hairuhusu programu ya kawaida kukamata poti iliyo chini ya 1024. Ukihamisha kutoka 8022 kwenda namba nyingine ya juu utapunguza kelele za roboti zinazopita njia kuu, ila anayepapasa poti zote atakufikia vile vile. Kwa hiyo usiniambie "nimebadilisha poti" ukidhani umefunga nywila.

Na hiyo ruta yenyewe, umeangalia anwani yake ya nje? Kama ni ya laini ya simu, kuna uwezekano mkubwa uko nyuma ya anwani ya kuchangia, yaani wateja wengi wanatumia anwani moja ya umma. Ikiwa anwani ya nje inayoonyeshwa kwenye ruta inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, fungua poti mpaka kesho, hakuna atakayekufikia toka nje, wewe mwenyewe ukiwemo. Hapo wengi hukimbilia kuweka Tailscale (VPN, yaani mtandao wa faragha kati ya vifaa vyako) kwenye simu na laptopu, vifaa vikaonana bila kufungua poti yoyote, na kwa kweli hata ungekuwa na anwani ya umma ningekushauri hiyo hiyo. Jua tu kwamba Android inaruhusu VPN moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo kama unatumia nyingine itazimika. Na hata humo ndani nywila izimwe. Waifai ya hosteli ni mtandao pia, na jirani wa chumba cha pili anaiona 8022 yako bila ruta kufunguliwa.

Kama poti ilikwisha kukaa wazi hata usiku mmoja na nywila inapokelewa, hesabu mistari kwa wc -l ~/.ssh/authorized_keys. Mashine zako zikiwa moja na mistari ikawa miwili, kuna mgeni aliyejichongesha ufunguo, na huyo kuzima nywila hakumtoi. Chungulia ~/.bashrc na ~/.termux/boot (folda ya vinavyojiwasha simu ikiwashwa) pia. Usihangaike kusafisha: hamisha kazi zako, ondoa Termux nzima, data zake za ndani zifutike, uanze upya, kisha badilisha nywila za akaunti zote ambazo meseji zake zilikuwa kwenye simu hiyo.

Endesha lile jaribio la kukataliwa, unakili jibu zima uliweke hapa, anwani yako ukiifuta.