Re: Tegeta hadi Mwenge kwa baiskeli wakati huu wa ujenzi, inawezekana?

Mkuu, inawezekana, ila usiendeshe kama ulivyozoea kabla ya ujenzi wa njia ya mabasi ya mwendokasi hapa Dar. Daladala na malori si tatizo kubwa kama kingo za lami. Pale lami mpya inapoizidi ya zamani kimo, ukipanda kwa mshazari tairi la mbele linateleza kwenye ukingo huo na unaangukia upande wa magari. Ikabili moja kwa moja, au shuka usukume. Hakuna aibu.

Jingine ni boza la maji. Likishamwagia vumbi, udongo unakuwa utelezi mtupu, hivyo breki ya mbele iguse kidogo tu. Tipa la kifusi usilipite kushoto hata likiwa limesimama, maana likikata kuingia eneo la kazi dereva hakuoni. Na njia ikibanwa na koni, kaa katikati ya njia yako. Ukijibana pembeni, bodaboda na magari ya Noah watalazimisha kupita.

Mimi ningefika Mbezi Beach, nikate Kawe, nitokee Mikocheni, kisha nipande Mwenge. Unazunguka kidogo, lakini unapumua. Kioo cha pembeni unacho?