Jibu: Pete ya ndoa na saa kwenye mashine ya kukereza chuma

Ndugu uliyeajiriwa karakana ya Nakuru, umeuliza kama unaweza kubaki na pete ya ndoa na saa ya mkanda wa chuma kazini. Vua zote kabla ya kugusa swichi. Yeyote anayekuambia uangalifu unatosha hajapiga hesabu.

Mashine inayozunguka mara 600 kwa dakika inapiga mizunguko 10 kila sekunde. Kama kichwa kinachoshika chuma kina upana wa milimita 200, ukingo wake unakimbia mita 6 na ushee kwa sekunde. Binadamu huchukua kama robo sekunde kushtuka. Hapo mita moja na nusu imeshajizungusha, na wewe bado hujafikiria kurudisha mkono.

Pete naiogopa kuliko saa. Ikinaswa haikatiki: inachuna ngozi na nyama ya kidole kama unavyovua soksi, na mishipa ya damu inararuka, ndiyo maana kidole hupotea hata kama mfupa ni mzima. Na si lazima mashine iwe inazunguka. Ukiruka kutoka kwenye lori la kanta huku pete imenasa kwenye komeo la ubavuni, kilo zako zote zinaning'inia hapo.

Pini za saa wakati mwingine huchomoka, ila usizitegemee. Ile bangili ya ushanga yenye rangi za bendera wengi huisahau, na imetungwa kwa nailoni au waya usiokatika kirahisi. Glavu nazo, mashine ikizunguka, vua. Vinyweleo vya chuma, yaani mabaki yanayochunwa na mashine, viondoe kwa ndoano au brashi, mashine ikiwa imesimama.

Kwa betri ya gari hatari ni nyingine. Volti 12 hazitakurusha, lakini spana ikigusa chanya na pete ikagusa spana na bodi kwa pamoja, mamia ya ampea yanapita kwenye pete na inageuka kaa la moto kidoleni. Fungua waya wa hasi kwanza. Pete ya silikoni haipitishi umeme na hukatika mapema, kwa hiyo inafaa sokoni na nyumbani. Kwenye mashine bado ivue.

Imekataa kutoka? Inua mkono juu dakika tano, utie kwenye maji baridi, paka sabuni. Ikigoma, pitisha ncha ya uzi wa meno chini ya pete kuelekea kiganjani. Upande mrefu uzungushe kidoleni kwa kubana, mizunguko ikigusana, kuanzia kwenye pete hadi uvuke kifundo. Kisha shika ile ncha fupi, uifungue ukivuta kuelekea kucha. Pete itasogea nayo. Ikishindikana, ya dhahabu au fedha hukatwa kwa msumeno mdogo wa hospitali. Ya tungsteni haikatiki, hupasuliwa: vaisgripu (koleo linalojifunga lenyewe) inabanwa juu yake, inaachiwa, skrubu inakazwa kidogo, inabanwa tena hadi ipasuke, macho yakiwa yamefunikwa.

Ukishaivua usiivishe kwenye mkufu shingoni, maana umehamisha tatizo tu. Wala si mfuko wa kifuani, ukiinama itatumbukia. Kikopo chenye kifuniko, ndani ya begi la chakula.